Saini ya Mia

Suad alizima hita, akavuta pazia, kisha akaingiza chupa ya maji ya moto chini ya blanketi, penye mkono wa kulia wa bibi yake.

Ilikuwa saa tisa na robo. Bi Malak angefika saa tisa na nusu, na Bi Malak hachelewi.

"Bado hamjamaliza tu?" Asad aliuliza kwenye simu. Ni binamu yake, anaishi Marekani.

"Saini tisini na tisa zimeshahakikiwa. Imebaki ya bibi."

Kamati ya jumuiya yao ya Wazanzibari hapo Ilford, London, ilitaka kuuza ukumbi wa jumuiya. Nyuma ya ukumbi kuna chumba wanamooshewa wanawake waliofariki, na aliyewaosha kwa miaka thelathini ni huyo bibi yake, Bi Zuwena. Wanachama mia wakitia saini, kamati haiwezi kuuza mpaka wanachama wote wapige kura. Mwisho wa kuhakiki ni leo, saa kumi.

"Si alitia saini mwenyewe wiki iliyopita?"

"Alitia. Lakini katiba inasema kila mtu athibitishe mbele ya katibu, kwa kinywa au kwa mkono."

"Katiba hiyo mliinakili kwa jumuiya ya ndugu zetu wa huku Marekani, wa jimbo jingine. Huku kila jimbo na lake. Kuna majimbo raia wakikusanya saini wanaitisha kura wenyewe, na mengine jambo hilo halipo kabisa. Kwengine wanahakiki saini chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kwengine zote, moja moja. Mngenakili ya jimbo letu mngekuwa mshamaliza."

"Tulinakili ya wale wabishi."

"Ndivyo tulivyo sisi," Asad alicheka. "Bibi anaendeleaje?"

"Ametulia," Suad alisema, akakata simu.

Kengele ililia. Aliitoa chupa, akaisukuma kwa mguu chini ya kitanda, akaenda kufungua.

Bi Malak, katibu, ndiye wa kwanza aliyetaka ukumbi uuzwe. Aliwahi kufuta saini ya mumewe mwenyewe kwa sababu ilitiwa kwa penseli.

"Shikamoo, Bi Malak."

"Marahaba. Yuko macho?"

"Hasemi tokea juzi."

"Kusema si lazima. Mkono unatosha."

Suad alimzibia njia kidogo, bila ya kukusudia. "Mama yako naye alioshwa mle ukumbini," alisema.

"Nimekuja kuhakiki, mwanangu. Sikuja kubembelezwa."

Chumbani Bi Malak alijikunyata. "Mbona baridi humu?"

"Joto linamdhuru."

Bi Malak alikaa kitandani, akaikunjua fomu juu ya goti lake, akaushika mkono wa kulia.

"Bi Zuwena. Ni mimi, Malak. Saini hii ya mia ni yako? Kama ni yako, nifinye."

Nje basi lilisimama, likaondoka. Bi Malak hakuondosha macho usoni mwa Bi Zuwena. Meno ya Suad yalikuwa yakigongana, akayabana.

Bi Malak aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi. Aliinama mpaka mtandio wake ukagusa mto. Akangoja. Akaendelea kungoja.

"Amenifinya," alisema.

Aliandika saa tisa na dakika arobaini, akatia saini ya katibu, akakunja fomu.

"Mia. Kura itapigwa. Na mimi nitapiga ya kuuza, usije ukasema sikukwambia."

Suad alimfungulia mlango wa chumba. Akamsindikiza mpaka mlangoni.

Bi Malak alivaa viatu taratibu. Alichungulia ngazini, akaona hapana mtu. Kisha akaufungua mtandio wake shingoni, akautia mkononi mwa Suad.

"Rudi ukamfunge kidevu, mwanangu," alinong'ona, "kabla hajakakamaa."