Beni Iliyonyamazishwa

Tangu wiki ya mitihani ianze, Bwana Shekue alikuwa ameunyamazisha mtaa mzima kwa ajili ya binti yake, Ruzuna. Muuza kahawa hakugonganisha tena vikombe, na jogoo wa jirani alihamishiwa kwa shangazi yake Ruzuna.

Alasiri, mtihani wa hesabu ukiwa kesho yake, msafara wa harusi ulitokeza ukiongozwa na beni ya tarumbeta na ngoma. Bwana Shekue alisimama katikati ya njia.

"Mwanangu anasoma, jamani."

"Na wetu anaoa, baba," alijibu mpiga tarumbeta. "Tumwambie aahirishe?"

Baada ya mashauriano marefu, watu wazima hao waliafikiana kwamba msafara upite ukicheza, ila bila sauti. Tarumbeta zikashushwa. Kina mama wakakata viuno wakiwa wamefumba midomo, naye bwana harusi akanyata kama mwizi wa kuku.

Dirisha likafunguka. Ruzuna, aliyekuwa ameukodolea macho ukurasa mmoja tangu asubuhi bila kuelewa kitu, aliwatazama, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Baba, huu ukimya wako ndio unaonimaliza! Waache wapige!"

Bwana Shekue, mtu wa kanuni, alilitafakari suala hilo kwa muda unaostahili.

"Pigeni," aliamuru.

Ruzuna alikwisha kuruka dirishani, miguu mitupu. Baba yake akachukua viatu vya binti huyo na kumfuata. Beni ilipokata kona, viatu viwili vya shule vilionekana juu ya vichwa vya watu, vikipanda na kushuka kwa kufuata ngoma.