Komeo la Chumba cha Wanawake

Bisibisi ilikuwa imepotea, na kila aliyekuwapo uani alijua kwamba mlezi ameikalia.

"Inuka, mama," alisema Brigita, afisa ustawi wa jamii, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Komeo lile linatoka leo."

Agnesi hakuinuka. Kwa miaka miwili alikuwa akiwatunza watu wazima kumi na wanne wenye ulemavu katika nyumba ile ya pembezoni mwa Ujiji, ziwa likionekana nyuma ya michikichi. "Litoe kesho, mwanangu," alisema. "Leo liache. Leo tu."

Brigita alikuwa mgeni Kigoma, lakini hiyo "leo tu" aliijua. Katika kituo chake cha kwanza cha kazi, mbali na hapa, aliwahi kuombwa hivyo hivyo, kisha akahesabu maiti sita nyuma ya mlango uliokomewa, nyumba ilipokwisha kuungua. Tangu siku hiyo aliapa kwamba mtu hatateketea tena ndani ya nyumba aliyoipitisha yeye.

Mzee Gervasi, mwenyekiti wa kamati ya nyumba, alivua pama lake la ukingo mpana akajipepea. "Kikulacho ki nguoni mwako, afisa," alinong'ona. "Mimi nimesema mpaka nimechoka."

Ndiye aliyempokea asubuhi. Desturi ni hiyo: mgeni wa serikali hupita kwanza kwa mwenyekiti, akasaini kitabu cha wageni, kisha mwenyekiti humtembeza na asimwache mpaka anapanda gari. Na alimtembeza vizuri; mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Vyoo, mapipa ya maji, jiko, kote walifika. Stoo walikuta gunia la dagaa ambalo mzee aliwaletea wakazi wiki iliyopita, limeshonwa vile vile.

"Anawanyima," mzee alieleza, na Brigita akaandika.

Kilichomsumbua zaidi ni ukimya. Kila walipoingia, maongezi yalikatika. Katika chumba cha mwisho wanawake wanane waliinamisha nyuso, na mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu alirudi kinyumenyume mpaka akagonga ukuta. Brigita aligeuka akamtazama Agnesi aliyesimama nyuma yao. Damu ilimchemka. Watu hawaogopi namna ile bila sababu.

Fomu iliuliza: Je, milango ya vyumba vya kulala ina makomeo? Kulikuwa na kisanduku cha Ndiyo na kisanduku cha Hapana. Aliweka alama ya vema kwenye Ndiyo, akaikoleza.

"Nani ameliweka?"

"Mimi," alijibu Agnesi. "Nimelinunua mwenyewe, sokoni Mwanga."

"Ufunguo uko wapi?"

"Halina ufunguo. Asubuhi nabisha hodi mpaka waniitikie." Kisha akashusha sauti. "Naomba tuongee pembeni, mwanangu. Mimi na wewe tu."

Pembeni! Brigita alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, na huko pembeni alikujua: ndiko bahasha zinakotokea. Hakuwahi kupokea hata moja, na hakukusudia kuanzia Ujiji.

"Sema hapa hapa, mbele ya mwenyekiti."

Agnesi alimtazama mwenyekiti, akafunga mdomo. Brigita akakumbuka faili: mlezi aliyemtangulia, Recho, alifukuzwa kwa wizi, na shahidi alikuwa mzee Gervasi. Akasikitika kwamba nyumba nzuri kama ile haina bahati ya walezi.

Hata hivyo alitaka kutenda haki. Alimwambia Agnesi atoke, akauliza nani ana la kusema. Alijitokeza Yunisi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kiziwi. Brigita hakujua lugha ya ishara, na mlezi asingefaa kutafsiri, basi mzee akajitolea.

Yunisi alimkazia macho Brigita peke yake. Alikunja ngumi, akaisukuma kifuani kutoka kulia kwenda kushoto, akashusha pumzi. Kisha akazungusha kidole kukizunguka kichwa chake, akajikunyata.

"Anasema anafungiwa," mzee alitafsiri. "Kichwa kinamuuma kwa kukosa hewa."

Basi ndivyo walivyofika kwenye bisibisi. Mwishowe mzee mwenyewe alimnyanyua Agnesi kwa kiwiko, akaiokota, akaenda chumbani. Skrubu nne zilitoka upesi. Brigita alilitia komeo mkobani liwe kielelezo, akamwamuru Agnesi apande gari akatoe maelezo ofisini.

"Na hawa watabaki na nani?" Agnesi aliuliza.

"Usiwe na shaka, afisa," alisema mzee. "Mpaka apatikane mlezi mwingine, nitalala hapa hapa mimi."

Brigita alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Wangepatikana wazee kumi wa namna hii, alimwambia, kazi yake ingekuwa nyepesi.

Gari lilipoanza kuondoka, Yunisi alitoka mbio akalifuata mpaka dirishani. Ngumi kifuani. Kidole kichwani. Halafu akakunjua viganja vyote viwili, vitupu, akabaki amevinyoosha mbele mpaka vumbi likamfunika.

Brigita alimpungia, machozi yakimlenga. Leo alikuwa amewahi kabla ya moto, na furaha ilimjaa tele.

"Anashukuru, siyo?" alimuuliza Agnesi bila kugeuka.

Agnesi alichungulia kioo cha nyuma kwanza, mpaka lile pama likapotea nyuma ya michikichi.

"Anauliza," alisema, "mwenyekiti akija kwao leo, mlango wataufunga kwa ndani na nini?"