Lango Lililong'aa

Enzi wanyama walipokuwa na halmashauri yao, makao ya wanyama wasio na kwao yalichakaa hadi paa likavuja. Siku moja wakaarifiwa kwamba Tembo, mkuu wa halmashauri, angekuja kukagua. Mbuzi, mwenyekiti wa makao, akaamuru lango lipakwe rangi.

“Mwenyekiti, si bora tumwonyeshe paa?” akauliza Punda, huku akipaka.

“Unataka kutuaibisha mbele ya mgeni?”

Tembo akafika na mkokoteni wa mabati. Akalitazama lango, akatabasamu.

“Kumbe mko vizuri! Basi mabati haya nawapelekea wenye shida.”

Mbuzi akapiga makofi kabla hajaelewa.

Jioni mvua ikanyesha. Mbuzi, akiwa chapachapa, akamwomba Punda amsogezee nafasi.

“Hapa pia panavuja, mwenyekiti,” Punda akajibu kwa upole. “Nenda kajikinge langoni.”