Damu Nisiyoijua

Fundi cherehani alifika ofisini kwa mwalimu mkuu huku futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Binti yake wa miaka minane alikuwa amesimama kando ya kabati, kichwa chini.

"Mama, mwanao amemfungia mtoto wa darasa la kwanza kwenye stoo ya mafagio," mwalimu alisema. "Kipindi kizima. Tumemkuta amejikojolea, sauti imemkauka."

Uso ulimwaka mama kwa aibu. Alitafuta pa kujificha, akakimbilia neno aliloapa kutolitamka kamwe.

"Mwalimu, huyu sikumzaa mimi. Nilimchukua akiwa na wiki tatu. Damu yake siijui."

Binti aliinua kichwa. Hakuwa akijua.

Mwalimu alishusha pumzi, kisha akamgeukia. "Hebu sema, mwanangu. Mwenzako alipokuwa akilia humo ndani, ulimwambiaje?"

Binti alijibu polepole, kwa sauti laini isiyo na hasira hata chembe. "Ukilia, naongeza muda. Ukinyamaza, nakufungulia. Nafanya hivi kwa sababu nakupenda."

Mama aliishika ile futi kwa mikono miwili. Maneno yalikuwa yake, na sauti ilikuwa yake, ile anayoitumia nyumbani akiwa ameegemea mlango wa stoo.

"Nani kakufundisha maneno hayo?" mwalimu aliuliza.

Binti alimtazama mama, machozi yakimtiririka mashavuni, wala hakutoa sauti.