Mgongo wa Mama

Jiko jipya la chuma lilikula magogo matatu tu, na nyumba nzima aliyotuachia babu ikapata joto. Nikavimba kichwa. Lile kubwa la matofali, lililokuwa likimaliza mkokoteni wa kuni kwa wiki, nilikuwa nimelibomoa mwenyewe kwa nyundo.

Mama aliingia kutoka zizini na ndoo ya maziwa, vidole vimekakamaa kwa baridi.

"Haya, sema sasa," nikamtania. "Ulisema jiko hili halitatosha. Kati yetu nani mkaidi?"

"Hebu nyamaza, Omelyan. Kajiko kadogo hivi, kama kuku anayeatamia!" Lakini alikuwa anacheka.

Tone la maziwa likadondoka juu ya chuma, likachemka na kukauka papo hapo.

Dukani waliniuliza ukubwa wa vyumba, unene wa kuta, urefu wa bomba la moshi. Nilijibu yote. Hawakuniuliza mama yangu huota moto vipi, nami niliyekua nikimwona sikukumbuka kuwaambia.

Akavua koti lake la ngozi ya kondoo, akalitundika. Shati lake la kitani lilikuwa limelika mgongoni, jepesi kama karatasi, kwa miaka hamsini ya kuegemea matofali yaleyale ya uvuguvugu.

Kisha akafanya alichofanya kila asubuhi tangu aolewe. Akaligeuzia jiko mgongo, akafumba macho, akashusha pumzi, akajiachia kwa nyuma.

Niliruka kutoka kitini. Meza ilikuwa katikati yetu.