Kitanda cha Lusajo

Sheria ni fupi: mhandisi anayechagua fyuzi ya transfoma ya kiwanda hukaa na familia yake katika nyumba iliyopakana nayo, na mtoto wake hulala kando ya ukuta unaoitenganisha nyumba na transfoma. Mkaguzi hapimi umeme. Huja kutazama kitanda cha mtoto tu, na akikikuta ukutani, fyuzi imepita.

Mwanzoni niliweka fyuzi ndogo, ikawa inaungua kila mitambo ilipowashwa. Meneja akaongeza mashine mbili, kisha akaniita.

"Mhandisi Ambokile, wafanyakazi wanashinda wamekaa. Weka kubwa."

Fyuzi kubwa huvumilia kishindo cha kuwasha mitambo, lakini hunyamaza hivyo hivyo, bila kukata umeme, transfoma inapozidiwa na kujipika polepole hadi ilipuke. Meneja alilijua hilo. Mimi pia. Nikaweka kubwa.

Juni ya hapa Uyole ina baridi kali, na ukuta wetu ukaanza kupata joto. Mke wangu Sekela akawa anakaushia soksi hapo.

"Baba Lusajo, ukuta wa mwaka huu una baraka," akasema. "Hata kikohozi cha mtoto kimekwisha."

Nikamwambia tumlaze mtoto chumbani kwetu.

"Na mkaguzi anakuja kesho? Unataka tufukuzwe?"

Nikakiacha kitanda pale pale ukutani.

Jioni Lusajo akajilaza, mgongo ukutani, akalisukuma blanketi kwa miguu.

"Baba, leo silihitaji."

Nikalikunja vizuri, nikalirudisha kabatini.