Zamu ya Zege na Nondo

Bingwa alipomnyanyua hadi juu ya mabega, Zege alimnong'oneza sikioni kwa heshima zote: "Taratibu, kaka, mgongo huu una familia." Bingwa alimbwaga chini kama gunia la viazi, akamlalia, refa akahesabu moja mpaka tatu, na kazi ya siku ile ikawa imekwisha.

Huo ulikuwa mwezi wa saba Zege na Nondo wanapigwa. Si kwa bahati mbaya, la. Ni kwa mpangilio, kila Jumamosi alasiri, mbele ya watu waliokata tiketi. Na hawa si watu wa kuokotwa. Kwenye kampuni yao ya zamani ya mieleka walikaa na mikanda ya ubingwa wa wawili wawili miaka minne, mpaka kampuni ikafungwa, wakahamia hii mpya kwa mbwembwe na picha zao kubandikwa getini. Tena Nondo alikuwa mdogo wa mke wa Zege, kwa hiyo aibu yote iliishia kwenye familia moja.

Shida ilikuwa karatasi. Kila Jumamosi ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, upande mmoja wenyeji, upande wa pili wageni. Sasa mtu aliyelelewa kwenye kazi hii haambiwi "leo utaanguka". Huo ni utovu wa adabu. Anaandikwa mgeni, anaelewa, anaingia ulingoni, anaugulia vizuri na kuanguka kwa wakati. Mwenyeji ndiye anayeshinda. Na wao, jamani, wiki nenda wiki rudi, wageni. Miezi saba ya ugeni, hata kwa mama mkwe wangekuwa wameshakabidhiwa ufagio.

Walivumilia kiungwana, maana zamu yao ingefika tu. Isitoshe, walijiona walimu mbele ya watu ambao, tuseme ukweli, hawakufundwa kazi hata kidogo. Wenyeji hawa hawakukaa na mpinzani kabla ya pambano wakakubaliana nani aruke wapi. Ukiwanong'oneza katikati ya kabari, ndiyo kwanza wanakaza. Wanapiga mpaka mtu anavimba kweli. Nondo aling'olewa jino, na aliyemng'oa akaondoka zake anachekelea. Washamba watupu.

Mwenye kampuni alikuwa mama mmoja mpole, mwenye mvi na filimbi shingoni. Baada ya kila pambano aliwatazama kwa huruma, akawaambia wajitahidi. Mwezi wao wa tatu pale aliwaletea daktari awapime damu na macho. Zege alimsifu kwa kila aliyetaka kusikia: mwajiri anayejali afya za watu wake namna hiyo, siku hizi utampata wapi.

Kilichomuuma kilikuwa nyumbani. Binti yake wa darasa la sita alikuwa amebandikwa jina shuleni, Mtoto wa Mkeka, kwa sababu baba yake siku zote yuko chini amelaliwa. Siku moja, huku anafunika daftari kwa karatasi, alimuuliza bila ugomvi wowote: "Baba, hivi wewe hujui, au huwezi?"

Siri ya ulingo haitolewi, si kwa mke, si kwa mtoto. Zege alikula kiapo siku ya kwanza ya kazi. Angeanzaje kumwambia kwamba baba anaanguka kwa sababu kazi yake anaijua? Alimwambia amalize kufunika daftari. Lakini swali lile alitembea nalo wiki nzima.

Jumamosi ya mwisho ya mkataba wao, mtoto alikuja kutazama, akakaa mstari wa mbele na mama yake. Karatasi mlangoni ilisema yale yale: mabingwa wenyeji, Zege na Nondo wageni. Zege aliisoma mara mbili. Kisha akamvuta mwenzake pembeni.

"Shemeji, leo sianguki."

Nondo alimkumbusha mambo yote ambayo mtu mwenye akili timamu angemkumbusha. Kumharibia mwenzio ushindi aliopewa ni wizi wa mchana. Hawatapewa mkataba mwingine, na hakuna kampuni nyingine itakayotaka hata kuwasikia. Alipomaliza, alichungulia ukumbini kupitia pazia, akamwona mpwa wake ameinama, mikono mapajani, kama aliye kwenye foleni ya sindano. Akarudi, akaketi, akaanza kukaza kamba za viatu.

Ilichukua dakika nne. Nondo alimbana bingwa wa kwanza kwenye kamba asiweze kutoka, na Zege akambeba wa pili kiunoni, akamtupa, akamlalia kwa uzito wote aliopewa na Mungu. Refa alipofika tatu, ukumbi mzima ulisimama. Mtoto alipanda juu ya kiti, analia huku anapiga makofi, anamwonyesha kila mtu baba yake kwa kidole. Zege alimtazama, akajua kwamba hata akinyimwa mkataba mpya hatajuta.

Mama mwenye kampuni aliwaita ofisini hapo hapo. Zege hakungoja kukaribishwa kiti. Alisimama mbele ya meza jasho likimtiririka, akaomba radhi: shemeji yake hana kosa, aliburutwa tu, adhabu apewe yeye peke yake.

"Tumewadhulumu wenzetu, Mama. Najua leo ilikuwa zamu yao kushinda, sisi tuliandikwa wageni."

"Zamu? Wageni ni kwa kuwa mmetoka kampuni nyingine!" Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, mikanda miwili ya ubingwa ikimning'inia mkononi. "Wanangu, kwani miezi yote hii mlikuwa mnaanguka makusudi?"